Mguu unavimba, mwili unakauka: dripu kwa mtu aliyebanwa na kifusi

*“Shikamoo daktari. Ninasimamia vijana wanaochimba moramu kwenye shimo moja nje kidogo ya mji wa Moshi. Mwezi uliopita ukingo wa shimo ulimporomokea mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 26, na jiwe kubwa likambana mapaja yote mawili kwa muda wa saa tano hivi. Muda wote alikuwa akizungumza nasi na kuomba maji. Mhudumu wa afya alifika na dripu, lakini wazee waliokuwapo wakasema asiwekewe kitu mpaka atoke. Tulipomtoa alisema yu mzima, akataka hata kusimama. Baada ya muda mfupi mapaja yakavimba sana. Kituo cha afya tulikomfikisha walimwekea chupa mbili za dripu kisha wakaacha, kwa kuwa uvimbe ulikuwa unaongezeka. Kesho yake mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa, halafu ukakatika. Amesafishwa damu mara kadhaa na sasa mkojo umeanza kurudi. Ninauliza: dripu ingewekwa akiwa bado chini ya jiwe, isingemdhuru? Ni kweli kwamba maji ndiyo yaliyomvimbisha? Na wako wanaosema tungemfunga kamba mapajani kabla ya kuondoa jiwe ili sumu isipande, tulikosea? Mama anampikia mtori kila siku apate nguvu, nao ningependa kujua kama unamfaa.”*

Marahaba, ndugu yangu, na poleni sana nyote. Ninaona katika barua yako kwamba mzigo unaoubeba si wa mguu wa mdogo wako peke yake, bali pia wa zile saa tano ulizosimama pale shimoni bila kujua lililo sahihi. Nitajibu maswali yako yote, lakini nianze na lile la kwanza, kwa sababu ndilo linaloweza kumwokoa kijana mwingine katika shimo hilo hilo: ndiyo, dripu ilipaswa kuwekwa akiwa bado chini ya jiwe, mara tu mkono wake ulipofikika. Isingemdhuru. Wazee waliozuia walikuwa na nia njema, na hofu yao ninaielewa, ila katika jambo hili mwili hufanya kinyume cha macho yanavyoona.

Misuli ni takriban asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima, na karibu robo tatu ya potasiamu yote iliyo mwilini imehifadhiwa ndani yake. Jiwe linapoubana msuli kwa saa kadhaa, utando wa seli zake huchanika na pampu ndogo zinazodhibiti kinachoingia na kinachotoka hushindwa kufanya kazi. Maji, chumvi na kalsiamu hutaka kuingia ndani. Potasiamu, asidi na protini ya misuli iitwayo mayoglobini hutaka kutoka. Lakini jiwe likiwa bado limekaa, damu haipiti vizuri mahali hapo, kwa hiyo uharibifu wote huo umefungiwa kama maji nyuma ya lango. Ndiyo maana mtu huweza kuzungumza, kuomba maji, hata kuwataja watu kwa majina, na ninyi mnaomtazama mkaamini kwamba kilichobaki ni kumtoa tu.

Jiwe likiondolewa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Damu hukimbilia kwenye mapaja, na sehemu ya maji yake huvuja na kubaki ndani ya misuli iliyoharibika, hivyo shinikizo la damu hushuka. Papo hapo vile vilivyokuwa vimefungiwa huingia kwenye mzunguko mkuu, na potasiamu ikipanda ghafla huweza kuvuruga umeme wa moyo hata ukasimama. Waokoaji wa nchi nyingi wamewahi kuona mtu akitolewa kwenye kifusi huku akizungumza, kisha akafa dakika chache baadaye. Mdogo wako alipovuka dakika hizo za kwanza alikuwa amevuka hatari kubwa bila ninyi kujua.

Sasa nije kwenye uvimbe, kwa sababu hapa ndipo penye kosa linalorudiwa mara nyingi kuliko yote, hata na sisi wenye taaluma. Anayeona paja limevimba hudhani kwamba mgonjwa ana maji mengi mno. Ukweli ni kwamba maji yaliyo kwenye paja hilo yametoka kwenye damu yake, na hayarudi upesi. Kwa mtu aliyeumia misuli mingi, zaidi ya lita 10 zinaweza kupotelea ndani ya misuli katika siku mbili za mwanzo. Mguu unavimba huku mwili unakauka: mishipa inalegea, figo zinakosa damu ya kuchuja, na mgonjwa analalamika kiu kama mdogo wako alivyolalamika. Kumnyima maji kwa sababu ya uvimbe huo ni kumwongezea ukame. Kwa hiyo si kweli kwamba chupa zile mbili zilimvimbisha. Angevimba hata asingepewa tone, na pengine asingefika hospitali.

Figo huumia kwa njia zaidi ya moja. Kwanza ni huo ukame, maana figo hufanya kazi kwa damu inayopita ndani yake, na damu ikipungua mishipa yake hujifinya. Kisha huja mayoglobini, protini yenye rangi nyekundu ya kahawia, ambayo katika hali ya kawaida huwa ndani ya misuli na kazi yake ni kuhifadhi oksijeni. Inapomwagika kwenye damu huchujwa na figo, na mkojo ukiwa mchache na wenye asidi, protini hiyo huganda pamoja na protini nyingine ndani ya mirija myembamba ya figo na kuiziba, huku ikiziunguza seli za kuta zake. Ile rangi ya kahawa mliyoiona ndiyo yenyewe. Mkojo mwingi huisukuma nje kabla haijaganda. Mkojo mchache huipa muda wa kutulia. Na kipimo cha kijiti cha mkojo huonyesha kana kwamba kuna damu, ilhali chini ya darubini chembe nyekundu za damu ni chache au hazipo kabisa. Mhudumu wa kituo kidogo asiye na maabara kubwa anaweza kulishuku tatizo hili kwa kijiti hicho kimoja.

Maarifa haya yamepatikana kwa gharama ya watu wengi. Mwaka 1941, katika vita kuu ya pili, madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall wa London waliandika habari za watu waliofukiwa na nyumba zilizopigwa mabomu: walitolewa wakiwa na hali inayotia moyo, viungo vikavimba, mkojo ukawa mweusi na kupungua, na mauti yakafuata ndani ya takriban wiki moja. Zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa watu 7 waliotolewa kwenye jengo lililoporomoka mjini Tyre, Lebanon, mwaka 1982, dripu zilianza palepale kwenye kifusi na kuendelea kwa wingi hospitalini, na hakuna hata mmoja ambaye figo zake zilishindwa. Ni watu wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, hivyo sitaki kukuambia kwamba dripu ya mapema huzuia kila figo kufeli. Baada ya matetemeko ya ardhi yaliyofuata, likiwamo la Uturuki la mwaka 1999 ambalo liliwafanya mamia ya watu wahitaji kusafishwa damu, miongozo ya kimataifa imeendelea kusisitiza jambo lile lile: maji yatangulie, na jiwe lifuate.

Kiasi gani, basi? Ninayataja makadirio haya ili uelewe na ili umwonyeshe mhudumu wa afya aliye karibu nanyi, si ili mtu asiyefunzwa ashike sindano. Kwa mtu mzima aliyebanwa, miongozo ya majanga hushauri maji ya chumvi ya kawaida, yale ya asilimia 0.9, lita moja kwa saa katika saa mbili za kwanza, kisha nusu lita kwa saa ikiwa bado hajatoka. Kwa mtoto ni mililita 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, na kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo kiasi hupunguzwa. Piga hesabu kwa mdogo wako: kama dripu ingeanza tangu saa ya kwanza, angekuwa amepata lita tatu na nusu, yaani chupa 7 za nusu lita, kabla jiwe halijaondolewa. Chupa zile mbili za kituo cha afya ni kiasi ambacho kingetosha saa moja tu.

Baada ya kumtoa, dripu haisimami. Hupewa lita 3 hadi 6 katika saa zinazofuata huku akiwekewa mpira wa mkojo, na kuanzia hapo mkojo ndio unaoamua. Ukitoka zaidi ya mililita 50 kwa saa, maji yanaendelea, na hospitali yenye uangalizi wa karibu hulenga zaidi ya hapo, mara nyingi mililita 200 hadi 300 kwa saa mpaka rangi ya kahawa ipotee. Ikiwa mgonjwa ameshajazwa maji ipasavyo na bado mkojo hautoki, hapo ndipo hofu ya kituo cha afya inapokuwa sahihi: figo zimefunga, na maji yanayoendelea kumiminwa yataishia kwenye mapafu. Mgonjwa wa namna hiyo hupunguziwa hadi nusu lita au lita moja kwa siku pamoja na kufidiwa kile anachopoteza, na hupelekwa haraka mahali penye huduma ya kusafisha damu. Unaona kwamba waliosimamisha dripu hawakuwa wajinga. Walitumia kanuni ya siku ya pili katika saa ya kwanza, tena kwa kuutazama uvimbe badala ya mkojo.

Utasikia pia ubishi kuhusu aina ya maji. Dripu iitwayo Ringer ina potasiamu kidogo, milimoli 4 kwa lita, na kwa sababu hiyo haishauriwi kwenye eneo la ajali ya namna hii wakati potasiamu ya mgonjwa haijulikani. Ninakubaliana na ushauri huo pale ambapo maji ya chumvi yapo. Lakini kiasi hicho ni kama kile kilichomo katika damu ya mtu mwenye afya, na kama chupa pekee iliyopo gizani kwenye mtelezo ni hiyo, mimi binafsi singemwacha mtu akauke kwa ajili yake. Baikaboneti, ambayo hupunguza asidi ya mkojo, na manitoli, ambayo huvuta maji kuelekea kwenye mkojo, zimetumika kwa miaka mingi. Faida yake juu ya maji peke yake haijathibitishwa vizuri, na manitoli haipewi kabisa kwa mtu ambaye hatoi mkojo. Ama furosemidi, ile ambayo wengi huiita Lasix, kumpa mtu mkavu ili “mkojo ufunguke” ni kukamua kisima kilichokauka. Ninaiona ikifanyika mara nyingi mno, na ninaomba iachwe mpaka mgonjwa awe amepata maji ya kutosha.

Kuhusu kamba, hamkukosea kutoifunga. Wazo la kuzuia sumu isipande linavutia, lakini kamba inayokaza paja huua hata ile misuli iliyokuwa imesalimika, na siku itakapofunguliwa mzigo unaoingia kwenye damu utakuwa mkubwa zaidi. Kifunga damu kina kazi yake, nayo ni kusimamisha damu inayoruka ambayo haizuiliki kwa kukandamiza. Nje ya hapo, katika mazingira yetu, nisingependa kukiona. Vilevile msiuchue mguu uliobanwa, wala msiukande kwa maji ya moto, hata kama mtaalamu wa kuchua ana sifa kubwa kijijini. Msuli uliokufa haufufuki kwa kuchuliwa. Humwaga tu kilichobaki ndani yake.

Liko jambo moja kuhusu uvimbe ambalo kweli linatisha. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukizidi ndani ya kifuko, damu haipiti tena, na mgonjwa hupata maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi pale vidole vinaponyooshwa, kisha ganzi na kushindwa kuvichezesha. Hilo ni la daktari wa upasuaji, na ni la saa, si la siku. Wakati mwingine hulazimika kupasua utando ili kuiachia misuli nafasi, ingawa kidonda kile hubeba hatari kubwa ya maambukizi, kwa hiyo uamuzi huo hautolewi kwa kuangalia ukubwa wa uvimbe peke yake.

Sasa mtori wa mama. Ninajua mtori ni nini kwa mgonjwa wa Kilimanjaro, na ninajua si rahisi kumwambia mama aweke sufuria chini. Lakini ndizi zina potasiamu nyingi, na nyama na mchuzi wake huongeza, na figo za mdogo wako bado hazina uwezo wa kuitoa. Vivyo hivyo madafu, juisi ya machungwa, parachichi na maharage. Hata maziwa, ambayo watu wetu huyatumia wakiamini yanaua sumu, si dawa hapa. Kwa sasa wali, ugali mweupe, mayai kwa kiasi atakachoelekezwa na kabichi iliyochemshwa na maji yake kumwagwa vitamfaa zaidi, na mtori urudi pale vipimo vya potasiamu na kretinini, taka ya damu inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, vitakaporuhusu. Mwambie mama kwamba ni suala la wiki, si la maisha. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliyebanwa asipewe ile dawa ya unga ya kumrudishia maji mtu anayeharisha (ORS) iliyochanganywa na maji, kwani lita moja yake ina milimoli 20 za potasiamu, mara tano ya ile dripu inayobishaniwa. Kama hakuna dripu kabisa, ana fahamu, hatapiki na tumbo halijaumia, maji safi kwa mafundo madogo yanaweza kumsaidia huku msaada ukisubiriwa.

Mkojo kurudi ni habari njema sana. Wengi ambao figo zao zimeshindwa kwa sababu hii, wakivuka kipindi kigumu, figo zao hupona ndani ya wiki kadhaa au miezi michache na huacha mashine. Ila kipindi cha mkojo kurudi kina hatari yake: figo zinazopona huweza kutoa mkojo mwingi kupita kiasi pamoja na chumvi zake, na kalsiamu iliyokuwa imejificha kwenye misuli hurudi kwenye damu na kupanda. Kwa hiyo asiruke siku ya kliniki hata akijisikia mzima, na pimeni mkojo wake nyumbani kwa chombo chenye alama za mililita, mwandike kila siku kwenye daftari pamoja na uzito wake. Maumivu ya mapaja yakimsumbua asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, ya kidonge au ya sindano, maana dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi. Kila mnapokwenda duka la dawa au zahanati, semeni kwanza kwamba figo zake zilishindwa, ili asichomwe pia jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo, bila mtu kufikiri.

Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja miadi, mkiona mkojo umepungua tena au umekuwa mweusi, akipumua kwa shida anapolala chali, moyo ukidunda bila mpangilio, akilegea mikono na miguu, akichanganyikiwa, au akipata homa na vidonda vya mapaja vikitoa usaha. Mlio Moshi mna hospitali za Mawenzi na KCMC, ambako kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa ghafla wamewahi kutumia hata njia ya kusafisha damu kupitia tumboni. Walio Arusha waanzie hospitali ya Mount Meru. Na kama mgonjwa wa ajali ya namna hii anahamishwa, tuseme kutoka Arusha kwenda KCMC, ambako ni kiasi cha kilomita 80, dripu isizimwe kwa kuwa yuko ndani ya gari. Karatasi ya rufaa iandikwe saa aliyobanwa, saa aliyotolewa, lita alizopewa na mkojo alioutoa. Mistari hiyo minne humsaidia daktari anayempokea kuliko ukurasa mzima wa maelezo mengine.

Shimo lenu bado linachimbwa. Nyote mnakumbuka kifusi cha moramu kilichowafukia watu Moshono, Arusha, mwezi Aprili 2013, na kuua zaidi ya kumi. Mkubaliane na kituo cha afya kilicho karibu nani ataitwa, nao wawe na chupa zisizopungua nane za maji ya chumvi na kanula kubwa, yaani mirija ya plastiki ya kuwekea dripu mshipani, zilizotengwa kwa ajili hiyo. Ajali ikitokea, mmoja apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji, mwingine amwite mhudumu, na mtu wa tatu aandike saa. Mfunikeni aliyebanwa kwa blanketi, kwa sababu baridi humdhoofisha upesi hata mchana. Mhudumu akifika, mpisheni kwanza kwenye mkono wa mgonjwa, na watu wa mitaimbo wasubiri mpaka dripu iwe inatembea, isipokuwa kama ukingo unaendelea kuporomoka, maana hapo hakuna cha kusubiri.